Datsun 240Z: Kufufua Gari la Spoti la Zamani

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima)

Leo twaendelea na historia ya vyombo vilivyotengenezwa kwa mikono ya watu, na chombo cha leo ni motokaa. Sisemi lori wala basi, bali gari la spoti, yaani motokaa ya watu wawili, fupi kwa kimo, nyepesi, yenye mwendo mkali. Nimechagua moja tu, Datsun 240Z ya Japani. Motokaa hiyo ilipata sehemu kubwa ya sifa yake katika matope na vumbi la nchi zetu hizi. Sasa imezeeka, na watu wa Japani, Marekani, Ulaya na hata Afrika Mashariki wanaifufua, kila mmoja kwa njia yake. Katika njia hizo mna swali ambalo mwanafunzi wa historia hawezi kulikwepa.

Swali lenyewe ni hili. Mtu akiwa na gari la miaka hamsini, naye ataka kulirudisha lilivyokuwa, je, alirudishe lilivyokuwa lini? Siku lilipotoka kiwandani? Siku liliposhinda mashindano? Au siku baba yake alipolinunua mkononi mwa mtu, likiwa na rangi ya pili na injini ya gari jingine? Kila siku atakayoichagua itamlazimu azifute siku nyingine. Viongozi wa madarasa na waliandike swali hili ubaoni, maana tutalirudia.

Tuanze na kuzaliwa kwa gari lenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wamarekani waliopenda magari ya spoti walinunua sana ya Uingereza: MG, Triumph, Austin-Healey, na kwa mwenye fedha, Jaguar. Yalikuwa mazuri kwa sura, lakini yalijulikana pia kwa kuvuja oili na kwa nyaya za umeme zilizomtesa mwenyewe kila mvua iliponyesha. Kampuni ya Nissan, iliyokuwa ikiuza magari yake ng'ambo kwa jina la Datsun, nayo ilikuwa na gari dogo la wazi liitwalo Fairlady. Jina hilo lilitokana na mchezo wa kuigiza wa New York, My Fair Lady, uliompendeza sana mkuu wa kampuni, Bwana Katsuji Kawamata.

Katika mwaka 1960 kampuni ilimpeleka California mtu mmoja aitwaye Yutaka Katayama, aliyezaliwa mwaka 1909. Katayama alipenda magari tangu ujana wake, na alikaa karibu na wanunuzi kuliko wakubwa zake wa Tokyo. Akawaandikia akiomba gari la spoti lenye paa, lenye nguvu ya kutosha, na lenye bei ambayo kijana mwenye mshahara wa kawaida ataiweza. Kule Japani kikundi cha wachoraji chini ya Yoshihiko Matsuo kilikuwa tayari kinachora gari la namna hiyo. Likatangazwa Japani Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z, na mwaka 1970 likaanza kuuzwa Marekani. Katayama aliona kwamba jina la Fairlady halitafaa kwa wanunuzi wake. Magari ya kwanza yalipofika, akaamuru nembo zile zing'olewe, na mahali pake pawekwe 240Z, jina lililotokana na injini ya lita 2.4. Basi mwaona, motokaa hii ilianza kugeuzwa kabla mnunuzi wa kwanza hajaigusa. Anayesema leo kwamba anairudisha katika hali yake ya asili, na aulizwe kwanza: ya Japani au ya California?

Hata habari za mchoraji zilipotoshwa. Kwa miaka mingi magazeti ya Ulaya na Marekani yaliandika kwamba gari hili lilichorwa na Mjerumani Albrecht Goertz, kwa kuwa Goertz aliwahi kuifanyia Nissan kazi ya ushauri katika miaka ya 1960. Ilichukua muda mrefu hata jina la Matsuo na wenzake likapewa nafasi yake. Nadhani waandishi wale waliona ni vigumu kusadiki kwamba umbo zuri vile lingeweza kutoka Japani bila mkono wa Mzungu.

Sasa tazameni lilivyoundwa. Injini ilikuwa ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake sentimita za ujazo 2,393. Bloku lake la chuma, na kichwa chake cha aluminiamu. Kabureta zilikuwa mbili. Nguvu iliyotangazwa Marekani ilikuwa ya farasi 151, na uzito wa gari ulizidi kidogo kilo elfu moja. Mwendo wake ulifika karibu kilomita 200 kwa saa. Springi za magurudumu yote manne zilikuwa za kujitegemea, yaani gurudumu moja likiingia shimoni halimvuti mwenziwe; jambo hilo likumbukeni tutakapofika katika barabara za murram. Halikuwa na chesisi ya kuwekewa bodi juu yake kama lori. Bodi yenyewe, mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa, ndiyo iliyobeba kila kitu. Na bei ilikuwa dola 3,526, wakati ambapo Jaguar E-Type ilizidi dola 5,000. Wanunuzi walipanga foleni. Hata gari la umbo hili lilipoacha kutengenezwa mwaka 1978, pamoja na wadogo zake 260Z na 280Z, lilikuwa limeuzwa zaidi ya nusu milioni.

Ama sifa yake kwetu, hiyo ililetwa na mashindano ya Safari. Mashindano haya yalianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Nissan walianza kuleta magari yao mapema katika miaka ya 1960, na mwaka 1969 Safari ilikuwa imekwisha kuwa maarufu Japani hata ikatengenezewa filamu, na mchezaji mashuhuri Yujiro Ishihara akaigiza dereva. Mwaka uliofuata Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na Hans Schüller, wakashinda kwa Datsun ya kawaida ya milango minne, 1600 SSS. Ndipo kampuni ikathubutu kuleta gari lake jipya la spoti.

Watu wengi walidhani ni mzaha. Gari la spoti ni la lami, tena liko chini, na barabara za Pasaka ni za matope mazito, mito isiyo na madaraja, na mawe. Lakini Aprili 1971, baada ya zaidi ya kilomita 6,000, Herrmann na Schüller walishinda tena, safari hii kwa 240Z yenye bodi nyekundu na boneti nyeusi. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye pia kwa 240Z. Mwaka 1972 mshindi alikuwa Hannu Mikkola wa Ufini katika Ford Escort, dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari. Mwaka huohuo Idi Amin aliwafukuza Waasia, na jamaa ya Mehta wakapoteza mali yao wakahamia Kenya. Katika Pasaka ya 1973 Mehta alirudi na 240Z. Mwisho wa mashindano yeye na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa katika Datsun 1800 SSS, walikuwa na hesabu sawasawa ya makosa. Ikabidi iangaliwe nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kosa, na huyo alikuwa Mehta. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, lakini ushindi huu wa kwanza aliupata katika gari la spoti.

Magari yale ya mashindano hayakuwa sawa na yale ya dukani. Yalikuwa na taa za ziada mbele, bamba la chuma chini ya injini, vyuma vya kukinga madereva ndani, na springi nyingine. Tena kila kituo yalipopita, mafundi waliyavamia kwa dakika chache, wakabadilisha hiki, wakachomelea kile, wakagonga madigadi yasikwaruze tairi. Mengine ya kazi hiyo yalifanywa na mafundi wa Japani na mengine na mafundi wa papa hapa. Majina ya madereva yameandikwa vitabuni. Majina ya waliochomelea sehemu kubwa hayakuandikwa, na kwa hiyo kazi yao imesomeka mahali pamoja tu: katika chuma chenyewe. Hilo ndilo linalonifanya niseme kwamba namna ya kufufua gari si jambo la matajiri peke yao.

Gari lile la Herrmann la mwaka 1971 lilirudishwa Japani, na sasa limo katika ghala la Nissan la magari ya kihistoria huko Zama, katika mkoa wa Kanagawa. Yale mengine ya kawaida, yaliyouzwa kwa mamia ya maelfu, yaliendelea kutumika, na hapo ndipo adui alipoingia.

Adui mwenyewe ni kutu. Mabati ya Datsun za wakati ule yalikuwa membamba, na dawa za kuzuia kutu hazikuwa za kutosha. Katika majimbo ya Marekani yenye theluji, chumvi humwagwa barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo ilikula magari haya kama mchwa alavyo boriti. Wakazi wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa habari za upepo wa chumvi. Kutu hupenda kuanza mahali pale pale: chini ya betri, maana asidi humwagika, sakafuni chini ya mazulia, maji yanapokaa, sehemu za chini za madigadi, na pembe ile iliyo nyuma ya mlango, mbele ya gurudumu la nyuma. Nimekwisha kusema kwamba gari hili halina chesisi ya mbali. Kwa hiyo sakafu ikioza, kilichooza ni uti wa mgongo. Gari laweza kung'aa kwa rangi mpya, na huku likikunjika katikati ukiliinua kwa jeki.

Kwa sababu hiyo fundi mwema haanzi na rangi. Huanza kwa kuvua. Hung'oa viti, vioo, nyaya, mabomba, injini na giaboksi, na kila bolti aliyoifungua huitia katika mfuko wenye jina, maana baada ya miezi sita hakuna atakayekumbuka bolti ipi ilitoka wapi. Kisha rangi yote huondolewa kwa dawa, kwa msasa, au kwa kupuliziwa mchanga kwa nguvu ya hewa. Hapo siri zote hufichuka: ajali iliyozikwa chini ya puti yenye unene wa kidole, kipande cha bati kilichochomelewa juu ya kutu bila kuikata kwanza. Kutu hukatwa mpaka kwenye chuma kizima, na bati jipya hukunjwa kwa umbo lilelile na kuchomelewa. Kazi hii ndiyo ndefu kupita zote. Mteja hupenda kuona boneti inayong'aa, lakini fedha yake ilikwenda sakafuni, mahali asipopaona.

Injini ni nafuu. Silinda hupimwa, zikiwa zimelika, huchongwa ziwe pana kidogo na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Kichwa cha aluminiamu hutazamwa kama kimepinda kwa joto. Injini hii ni imara, na fundi yeyote aliyezizoea Datsun za zamani hataona ndani yake kitu cha kumtisha. Kinachosumbua ni vitu vidogo: mipira ya milango, taa za nyuma, na dashibodi, ambayo karibu zote zilipasuka kwa jua. Mtu akiipata dashibodi isiyopasuka huizungumza kama aliyeokota lulu.

Basi, gari limevuliwa, limekatwa, limechomelewa. Sasa fundi amefika kwenye lile swali letu la ubaoni.

Wako wasemao: lirudi kama lilivyotoka kiwandani, hata alama za chaki. Hawa husoma namba. Magari ya lita mbili ya Japani namba yao ya bodi huanza na S30. Yale ya lita 2.4 yenye usukani wa kulia ni HS30, na yenye usukani wa kushoto, kama ya Marekani, ni HLS30. Namba hiyo imepigwa katika ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Watu hawa hujua hata matundu ya hewa. Katika magari ya mwanzo, mlango wa nyuma ulikuwa na matundu mawili ya kutolea hewa, na nguzo ya ubavuni ilikuwa na maandishi 240Z. Tangu mwaka 1971 matundu yakahamia nguzoni, yakafunikwa na nembo ya mviringo yenye herufi Z. Mtu akiweka mlango wa mwaka 1972 katika gari la mwaka 1970, wao huona mara moja, kama nyinyi mnavyomtambua mgeni kwa lafudhi.

Nissan wenyewe walijaribu njia hiyo. Mwaka 1996, walipokuwa wakiacha kuuza magari ya Z kule Marekani, walianza kununua 240Z za zamani na kuzipeleka kwa mafundi maalumu zifanywe kama mpya, kisha ziuzwe kwa wafanya biashara wao. Bei ilikuwa karibu dola 25,000, kama mara saba ya bei ya mwaka 1970. Mpango haukudumu. Magari yaliyouzwa hayakufika 50, maana kulifufua gari vizuri kulikula fedha nyingi kuliko ilivyotazamiwa, hata kwa kampuni iliyolitengeneza. Nawataka wasikilizaji wenye magari ya zamani walitafakari jambo hilo kabla ya kukubaliana na fundi juu ya bei.

Lakini usahihi wa namba una ubaya wake. Japani ilitengeneza aina moja adimu ya gari hili, Z432, yenye injini ya mashindano. Tarakimu zake zamaanisha valvu nne kwa kila silinda, kabureta tatu, na kamishafti mbili. Zilitengenezwa kama 420 tu, na namba zao huanza na PS30. Kitu kikiwa adimu hivyo, na bei yake ikipanda kila mwaka, hakosekani mtu wa kuchukua gari la kawaida, akalitia injini na nembo, akaliita kwa jina hilo. Mikono ileile iwezayo kurudisha ukweli yaweza kutunga uwongo, tena kwa vyombo vilevile. Mnunuzi hana kinga ila kusoma chuma na karatasi pamoja, kama tunavyosoma hati ya kale tukiilinganisha na nyingine.

Wako wa pili, nao wasema: usiguse. Januari 1971 na Januari 2020 zatofautiana miaka 49, na katika mwezi huo wa 2020 gari la 240Z la mwaka 1971 liliuzwa kwa mnada Marekani kwa dola 310,000. Halikuwa gari lililofufuliwa. Lilikuwa limetembea maili elfu ishirini na kitu tu, rangi yake ya kijani ileile ya kiwandani, halijakongolewa. Mnunuzi alilipa fedha ile kubwa kwa sababu hakuna fundi aliyekuwa ameliboresha! Gari laweza kupakwa rangi mara kumi, lakini ya asili ni mara moja.

Wako wa tatu, na hawa ndio wengi: wageuzaji. Wazee wa usahihi huwadharau, lakini mimi sioni haki katika dharau hiyo, maana kugeuza ni sehemu ya historia ya gari hili tangu siku ya zile nembo za Katayama. Peter Brock na dereva wake John Morton waligeuza 240Z huko California wakatwaa ubingwa wa Marekani wa daraja lao mwaka 1970 na 1971. Vijana waliowatazama wakarudi nyumbani na spana zao. Wakatoa injini ya lita 2.4 na kutia ya lita 2.8 iliyotoka katika 280Z, kwa kuwa yaingia bila kukata kitu. Wakaondoa kabureta mbili wakaweka tatu za Weber. Wengine wakatia injini ya Chevrolet ya silinda nane, wakapata gari lenye nguvu nyingi na breki za kusikitisha. Huko Japani nako, vijana waliokimbizana usiku katika barabara kuu ya ghuba ya Tokyo walilipenda gari hili, na mwaka 1990 Michiharu Kusunoki akaanza kuandika hadithi ya picha, Wangan Midnight, ambayo shujaa wake hasa ni gari la Z lililogeuzwa. Tangu hapo wasiozaliwa gari lilipotengenezwa wamekuwa wakilitafuta.

Tena iko geuza ya kurudi nyuma, nayo yanichekesha. Mwaka 1973, kwa ajili ya sheria za Marekani za kupunguza moshi, kampuni ilitia kabureta za namna nyingine, na wenye magari hawakuzipenda hata kidogo. Wakazing'oa, wakaweka zile za miaka ya mwanzo. Leo mrudishaji wa usahihi anayetaka gari la 1973 kama lilivyokuwa, hana budi kutafuta kabureta zilezile zilizotupwa jalalani kwa laana!

Afrika Mashariki nasi tumeingia katika mambo haya kwa mlango wetu. Mwaka 2003, miaka hamsini baada ya Safari ya kwanza, yalianzishwa mashindano ya Safari ya magari ya zamani, yakipita Kenya na kuvuka Tanzania. Datsun za Z zimeonekana humo tena, pamoja na Escort na Porsche. Hapo pana jambo la kumfanya mwanahistoria akune kichwa. Porsche 911, katika siku zake za ujana, haikupata kushinda Safari. Ilikuwa ya pili mwaka 1974, ikishindwa na Joginder Singh katika Mitsubishi Lancer, na ya pili tena mwaka 1978. Lakini katika mashindano haya ya magari ya zamani, Björn Waldegård, yuleyule aliyekuwa wa pili mwaka 1974, alishinda kwa Porsche 911 mwaka 2011, na Stig Blomqvist akashinda kwa gari kama hilo mwaka 2015. Magari hayo yalikuwa ya zamani kwa umbo, lakini yalitengenezwa upya na watu wanaojua leo ni kitu gani kilichovunjika wakati ule. Mtoto akiyaona yakipita atadhani ndiyo yaliyotawala barabara zetu katika miaka ile. Yaliyotawala yalikuwa Peugeot, Ford na Datsun.

Shirikisho la kimataifa la vilabu vya magari ya zamani, liitwalo FIVA, liliona hatari hii likaandika Hati ya Turin, iliyothibitishwa Januari 2013. Hati hiyo ilifuata mfano wa hati za zamani zaidi zilizohusu majengo na merikebu. Kwa ufupi yataka kilichopo kihifadhiwe kabla ya kufikiri kubadilisha, na kila kinachobadilishwa kiandikwe. Haimkatazi mtu kutumia mali yake. Yamtaka asiwadanganye watakaokuja nyuma yake.

Nami nitasema wazi nisimamapo. Gari la kawaida, moja kati ya nusu milioni, mwenyewe na alifanye atakavyo: alipake rangi ya chungwa, alitie injini ya lita 2.8, alipeleke Bagamoyo Jumapili. Kulitumia ndiko kulikolifanya litunzwe, na ningependa kuliona barabarani kuliko kulijua katika banda. Kwake naomba kitu kimoja tu, daftari. Lakini gari lililobeba jambo la watu wote, kama lile lililofika mwisho Pasaka ya 1971, singependa liguswe na mtu mwenye hamu ya kung'arisha. Kibonyeo cha madigadi kilichogongwa kwa nyundo kando ya barabara usiku wa manane si kasoro ya kuondolewa kwa puti. Ni sahihi ya fundi ambaye hatuna sahihi yake nyingine yoyote. Ukikinyoosha, gari litakuwa zuri, na yeye atakuwa hakuwahi kuwapo.

Kazi ya nyumbani kwa madarasa. Kila darasa na litafute motokaa moja ya zamani mtaani, iwe ni gari la spoti, pikapu au teksi, yenye umri usiopungua miaka thelathini. Muombeni mwenyewe ruhusa kwa adabu. Andikeni namba ya bodi na namba ya injini, kisha mlinganishe na kadi ya gari kama zaafikiana. Tazameni chini ya mpira wa mlango, au nyuma ya kifuniko cha taa, mpate rangi ya kwanza. Hesabuni ni rangi ngapi zimepakwa juu yake. Muulizeni mwenyewe ni fundi gani aliyefanya kila kazi, na gereji yake ilikuwa wapi, na kama fundi yu hai nendeni mkamwulize yeye mwenyewe. Andikeni majina yao kamili, si "fundi mmoja". Karatasi zenu tutazisoma katika somo lijalo.

Kwa herini.